Mlango wa Elimu: Je, Kiko Kizazi cha Nne cha Chembe?

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa vijana wanaosoma fizikia, liko moja ambalo tumeona si vema kulijibu kwa mistari miwili. Vitabu vyasema kwamba chembe ambazo kwazo vitu vyote vimejengwa zimo katika vizazi vitatu, wala hakuna cha nne. Je, mtu atajuaje kwamba hakuna? Huenda kipo, ila chembe zake ni nzito mno hata mashine zetu hazijaweza kuzitoa. Asiyepata kufika kisiwani, vijana husema, hana haki ya kutuambia kwamba kisiwa hakina watu.

Swali ni la haki, na muulizaji hastahili kukemewa. Kusema "hakuna" kwahitaji ushahidi sawasawa na kusema "kipo", na pengine kwahitaji ushahidi mkubwa zaidi, kwani aliyekiona kitu mara moja amekwisha kukithibitisha, ilhali asiyekiona lazima aeleze kwa nini kutokukiona kwake ni hoja. Walakini katika jambo hili ushahidi upo, tena ni wa namna inayopindua dhana ya kwanza ya akili. Sisi sote hudhani kwamba chembe kadiri izidivyo kuwa nzito ndivyo izidivyo kujificha. Kwa chembe za kizazi cha nne mambo yamekuwa kinyume: uzito wao ndio uliowafanya wataalamu wathubutu kuzikanusha.

Tueleze kwanza vizazi ni nini. Kila kizazi kina chembe nne. Mbili ni kwaki, ambazo ndizo zinazojenga protoni na nyutroni zilizo katika kiini cha atomu. Ya tatu ni elektroni au ndugu yake. Ya nne ni nutrino, chembe nyepesi mno isiyo na umeme, ambayo hupenya katika dunia nzima kama kwamba haikukutana na kitu. Mkate, maji, mwili wa mwanadamu na mawe ya ukuta ni vya kizazi cha kwanza peke yake. Kizazi cha pili na cha tatu ni mfano wake ule ule, kwa umeme ule ule na tabia zile zile, ila ni vizito zaidi na huvunjika upesi sana. Muoni, iliyogunduliwa mwaka 1936 katika miali itokayo angani, ni elektroni yenye uzito mara 207. Yasimuliwa kwamba Isidor Rabi, mtaalamu wa Marekani, alipopata habari yake aliuliza ni nani aliyeiagiza. Hata leo hajapatikana wa kumjibu.

Kisha ikaja tau mwaka 1975, nzito kuliko elektroni takriban mara 3,500, na hapo kizazi cha tatu kikaanza kujitokeza. Kwaki yake ya kwanza, iitwayo b, ilipatikana mwaka 1977. Ya pili, iitwayo t, ikatafutwa miaka 18 mpaka ikapatikana mwaka 1995 katika maabara ya Fermilab nchini Marekani. Kwaki hiyo moja, ambayo kwa kadiri ijulikanavyo haina sehemu ndani yake, ina uzito wa protoni 184. Yakaribia kulingana na atomu nzima ya tangisteni, yaani ile madini ya uzi wa ndani wa taa za umeme za zamani.

Msomaji atauliza: kwa nini waliitafuta t miaka 18 bila ya kukata tamaa, na kwa nini hawakusema kwamba huenda kizazi cha tatu kina kwaki moja tu? Jibu ni kwamba hesabu iliwakataza. Mwaka 1972 Claude Bouchiat, John Iliopoulos na Philippe Meyer walionyesha kwamba nadharia ya chembe huharibika, ikatoa majibu yasiyo na maana, isipokuwa umeme wa kizazi kizima ukijumlishwa uwe sifuri. Hesabu yenyewe mtoto wa shule aweza kuifanya. Kwaki moja ina theluthi mbili za umeme, ya pili ina theluthi moja ya kinyume. Jumla yao ni theluthi moja. Kila kwaki huja kwa namna tatu, basi tuzidishe mara tatu, tunapata moja kamili. Elektroni ina moja ya kinyume, nutrino haina kitu. Moja ukitoa moja hubaki sifuri. Ukiondoa chembe yoyote yenye umeme mezani, hesabu haifungi.

Hii ndiyo sharti ya kwanza, nayo tutaihitaji mbele: kizazi huja kizima au hakiji. Mwenye kudai kwamba kiko kizazi cha nne hawezi kutuletea kwaki moja nzito peke yake. Lazima alete kwaki mbili, ndugu wa elektroni, na pamoja nao nutrino ya nne.

Na hiyo nutrino ndiyo iliyowatia taabuni watetezi wa kizazi cha nne mara ya kwanza. Katika nadharia iliyowapatia Abdus Salam wa Pakistan, Sheldon Glashow na Steven Weinberg wa Marekani tuzo ya Nobel mwaka 1979, iko chembe iitwayo Z. (Salam aliyekulia Jhang ndiye yule yule aliyeasisi kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, mwaka 1964, ambacho hata leo hupokea wanasayansi kutoka nchi za Afrika na Asia, nacho sasa chaitwa kwa jina lake.) Z iligunduliwa mwaka 1983 katika maabara za CERN, karibu na Geneva, nayo ni nzito kama protoni 97. Haiishi ila kitambo kidogo kisichohesabika kwa saa yoyote, kisha huvunjika ikawa jozi ya chembe nyingine: aghalabu kwaki, wakati mwingine elektroni au ndugu zake, na mara moja katika tano jozi ya nutrino, ambazo hutoweka bila ya kuonwa.

Sasa fikirini pipa la maji lililotobolewa matundu, baadhi yake ubavuni mnapoyaona, na mengine chini yake msipoweza kuchungulia. Mkijua ukubwa wa kila tundu, na mkapima kwa uangalifu pipa lakauka kwa muda gani, mtajua idadi ya matundu ya chini bila ya kuinama. Z ni kama pipa hilo. Kila nutrino iliyo nyepesi kuliko nusu ya uzito wa Z ni tundu moja zaidi. Matundu yakizidi, umri wa Z hupungua. Na chembe yenye umri mfupi haina uzito mmoja ulio thabiti, bali uzito wake hutawanyika. Wataalamu wakichora idadi ya Z wanazopata kwa kila kadiri ya nguvu, hupata mchoro kama kilima. Kwa nutrino tatu, upana wa kilima hicho, tukiupima kwa uzito wa protoni, ni 2.66. Kwa nutrino nne ungekuwa 2.84, na kilele chake kingeshuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Kwa kazi hiyo ikajengwa mashine ya LEP, katika handaki la mviringo wa kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, ikaanza kutoa Z katika Agosti 1989. Kabla ya mwaka huo kumalizika jibu likawa limejulikana. Lakini hawakutosheka, wakaendelea miaka mingi mpaka wakakusanya Z milioni 17. Hapa hatuwezi kupita bila ya kutaja jambo moja ambalo wenyeji wa pwani watalipenda. Wapimaji waliona nguvu ya miali yao inapanda na kushuka, wala hawakujua sababu, mpaka mwaka 1992 ilipothibitika kwamba ni kazi ya mwezi. Sisi twajua maji kujaa na kupwa, twajua na bamvua la mwezi mpevu. Ni wachache wanaojua kwamba mwamba nao hujaa na kupwa. Mwezi ulikuwa ukivuta ardhi ya Geneva hata handaki lile la kilomita 27 likarefuka kwa milimita moja hivi, na milimita hiyo ikaonekana katika vipimo. Miaka mitatu baadaye ikagunduliwa sababu nyingine ya kuchafuka kwa vipimo: treni za umeme ziendazo Paris, ambazo umeme wake ulikuwa ukivuja kutoka relini na kupita ardhini hadi kwenye mashine. Twayataja haya ili msomaji aone ni watu wa namna gani waliosema "hakuna". Hawakuchungulia mara moja wakaondoka.

Hesabu yao ya mwisho ilitoka nutrino 2.984, kwa shaka ya 0.008 juu au chini. Ilipopitiwa upya mwaka 2020 kwa hesabu zilizosahihishwa, ikawa 2.996 kwa shaka ya 0.007. Hakuna nafasi ya nne. Na tena, nutrino ya tatu yenyewe haikupata kuonwa waziwazi ila mwaka 2000, katika Fermilab. LEP walikuwa wamekwisha kuihesabu tangu 1989, kama mtu anayejua idadi ya wageni kwa viatu vilivyovuliwa mlangoni.

Anga nalo latoa ushahidi wake. Katika dakika za mwanzo za ulimwengu, kila aina ya nutrino nyepesi iliongeza kasi ya kutanuka kwa anga, na kasi hiyo ndiyo iliyoamua ni kiasi gani cha gesi ya heliamu kitakachobaki. Gary Steigman, David Schramm na James Gunn walitumia hoja hiyo mwaka 1977, wakati LEP ilikuwa haijajengwa, wakaonyesha kwamba aina za nutrino haziwezi kuwa nyingi. Chombo cha angani kiitwacho Planck, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2018, kilipata 2.99 kwa shaka ya 0.17. Mmoja amepima chini ya ardhi, mwingine amepima nuru ya kale ya mbinguni, na hawakuhitilafiana.

Kijana mwerevu hatakubali kushindwa hapa, wala hatumlaumu. Atasema: ninyi mmehesabu nutrino zilizo nyepesi kuliko nusu ya Z, yaani protoni 48 hivi. Mimi nasema nutrino ya kizazi cha nne ni nzito kuliko hapo. Z haiwezi kuvunjika ikaizaa, basi tundu lenyewe limezibwa, na pipa lenu halijui habari yake. Hoja hii ni sahihi. Wataalamu wenye sifa waliishika kwa zaidi ya miaka 20 baada ya 1989, wala hawakuwa wapumbavu. Baadhi yao walitumaini kwamba kizazi cha nne kingesaidia kueleza kwa nini ulimwengu umejaa mada na si kinyume cha mada. Nadharia ya nguvu inayofunga kwaki haiwazuii, maana yenyewe hubaki imara mpaka aina 16 za kwaki, yaani vizazi vinane. Kwa upande huo mlango ulikuwa wazi.

Ulianza kufungwa kutoka upande wa juu. Mwaka 1978 Michael Chanowitz, Miguel Furman na Ian Hinchliffe waliuliza: kwaki za namna hii zaweza kuwa nzito hadi wapi? Ili tuelewe jibu lao, lazima tujue kwamba kwaki na elektroni hazina uzito wa asili yao. Katika nadharia hii uzito wote huzijia kwa kushikana na uga wa Higgs, ambao umeenea kila mahali. Iliyoshikana nao kidogo ni nyepesi, iliyoshikana nao sana ni nzito. Basi kuwa nzito si sifa ya peke yake. Ni kiasi cha kushikwa. Na mshiko ukizidi kiasi, hesabu ya kugongana kwa chembe hizo hutoa jibu kwamba jambo fulani litatokea kwa uwezekano unaozidi mia kwa mia, jambo ambalo halina maana yoyote. Kwa kwaki mpaka huo u baina ya protoni 500 na 600. Kwa ndugu wa elektroni ni protoni 1,000 hivi. Juu ya hapo nadharia haisemi kwamba chembe haiwezekani kabisa. Yasema kwamba njia zetu za kukadiria zimekwisha, na kwamba lazima liwepo jambo jingine jipya. Twaomba msomaji aishike tofauti hiyo, kwani wengi huisahau.

Kwa hiyo chini palikuwa na majaribio yakipanda, na juu palikuwa na mpaka usiopanda. Mashine mpya ya LHC, iliyowekwa katika handaki lile lile la LEP, ilitafuta kwaki hizo waziwazi, na kufikia mwaka 2012 ilikuwa imekwisha kuzikosa mpaka kwenye jirani ya mpaka wenyewe. Nafasi ikawa nyembamba kama ufa wa mlango. Vipimo vya Z navyo viliibana zaidi, kwa kuwa chembe nzito huacha athari ndogo katika tabia za Z hata zisipozaliwa. Ndivyo uzito wa kwaki t ulivyokadiriwa kabla haijapatikana, na ulipopatikana ukawa papo hapo palipotazamiwa. Kizazi cha nne kingeweza kupenya katika vipimo hivyo, lakini kwa kuchaguliwa uzito wa kila chembe kwa hila, na hila zikiwa nyingi shaka huzidi.

Pigo kubwa lilitoka mahali pengine. Tarehe 4 Julai 1992 ilipotimia miaka 20, yaani tarehe 4 Julai 2012, CERN walitangaza kwamba wamepata chembe ya Higgs yenyewe, ambayo uzito wake ni protoni 133. Sasa tazameni jinsi inavyozaliwa. Katika LHC protoni hugonganishwa, na aghalabu Higgs hutoka pale gluoni mbili, yaani chembe zinazozifunga kwaki, zinapokutana. Gluoni hazina uzito, basi hazishikani na Higgs moja kwa moja. Zahitaji mshenga. Mshenga huyo ni kwaki nzito inayojitokeza kwa kitambo kidogo sana, ikaunganisha pande mbili, ikatoweka.

Hapa ndipo dhana ya kwanza inapopinduka. Kwaki ikiwa nzito zaidi, kujitokeza kwake ni kwa gharama zaidi, na kwa hiyo twatazamia kwamba msaada wake utapungua. Lakini kwa kuwa uzito wake ni mshiko wake juu ya Higgs, uzito ukizidi mshiko nao huzidi kwa kiasi kile kile. Hasara na faida hulingana. Kila kwaki iliyo nzito hutoa fungu moja sawasawa, iwe ni ya protoni 184 au 600 au 6,000. Hakuna pa kukimbilia. Kwaki ya kizazi cha nne haiwezi kusema "mimi ni nzito mno, hamtanihisi", kwani huo uzito aliupata kwa Higgs, na Higgs anazo hesabu zake.

Na hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwa vizazi vitatu mshenga mwenye nguvu ni mmoja, kwaki t. Kizazi cha nne kingeongeza wawili, jumla watatu. Wingi wa Higgs huenda kwa mraba wa jumla hiyo, basi tatu mara tatu ni tisa: Higgs zingezaliwa kwa njia hii karibu mara tisa kuliko zilivyotazamiwa. Kilichoonekana mwaka 2012 kilikaribiana na kile cha vizazi vitatu. Kweli, kizazi cha nne kingebadilisha pia namna Higgs inavyovunjika. Njia ya kuvunjika kuwa nuru mbili ingedhoofika sana, na watetezi wakatafuta kimbilio hapo. Lakini njia nyingine, kama ile ya jozi ya Z, zingefurika. Katika mwaka ule ule kundi la wataalamu, wakiwamo Otto Eberhardt na Ulrich Nierste, walijumlisha vipimo vya Higgs pamoja na vile vya zamani vya Z, wakapata kwamba nafasi ya kizazi cha nne kulingana na vyote hivyo ni chini ya moja katika milioni. Katika elimu hii kiasi hicho ndicho kinachotosha kutangaza kwamba kitu kimegunduliwa. Safari hii kilitumika kutangaza kwamba hakipo.

Basi tumjibu kijana wetu, na jibu liwe na mipaka yake. Kilichokanushwa ni kizazi cha nne kilicho mfano wa vitatu vilivyotangulia, chenye kupata uzito wake kwa Higgs, tena Higgs iliyo moja. Mwenye kutia katika nadharia Higgs ya pili ameanzisha shauri jingine, na hesabu zake zataka kufanywa upya. Kadhalika ziko chembe za kufikirika ambazo wataalamu huziita kwaki za namna ya vekta. Hizo ni nzito kwa asili yao na hazimdai Higgs kitu. Fungu la tisa haliwahusu, wala sharti ya umeme kuwa sifuri haiwazuii, kwa kuwa kila moja huja na pacha wake anayeifuta. Hizo zaweza kweli kujificha nyuma ya uzito wao, kama vijana wanavyosema. LHC imezitafuta hadi kupita protoni 1,000 bila ya kuziona, na kazi yaendelea.

Ama kuhusu kwa nini vizazi ni vitatu, Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa wa Japani walionyesha mwaka 1973, wakati hata kizazi cha pili kilikuwa hakijakamilika, kwamba tofauti iliyokwisha kuonekana baina ya kwaki na kinyume chake haiwezi kutokea kwa vizazi viwili, bali kwa uchache vitatu. Walipewa Nobel mwaka 2008. Hoja yao yaeleza kwa nini si viwili. Vipimo tulivyovitaja vyaeleza kwamba si vinne. Lakini kuambiwa kwamba wageni si wawili wala si wanne hakumwambii mtu ni nani aliyewaalika watatu, na swali la Rabi bado li mezani.